Shamba la Magunia: Mshono wa Namba 317

Mama Aline hakuzimia.

Nasema hivyo kwa sababu barua zenu nimezisoma. Msomaji mmoja wa Inyonga ameapa kwamba mwanamke akiona namba ya mumewe kwenye gunia la bangi lazima aanguke chini. Ndugu yangu, humjui huyu Mama Aline, Donatille. Huyu aliwahi kumkuta nyati kwenye mahindi yake akiwa na sufuria tupu mkononi, na aliyeondoka ni nyati.

Kwa wewe unayetukuta njiani leo, mambo yako hivi. Tuko Kabungu, mwezi wa tano mwaka tisini na sita, nje ya ofisi ya kata. Polisi wamepanga uwanjani magunia kumi na manne. Kila gunia limejaa udongo na samadi, na kila moja limebeba mche wa bangi ulio hai, mrefu kumpita askari mrefu kuliko wote. Miaka miwili walilitafuta shamba hilo wasilione, kwa sababu lilikuwa linahama. Wakisikia Land Rover inakuja, wenyewe walipakia magunia kwenye mkokoteni wa ng'ombe na shamba likaenda porini.

Sasa basi. Magunia yenyewe yalikuwa majafafa, lile turubai la katani ambalo chama cha ushirika humpa mkulima kufungia tumbaku yake. Kila mkulima ana namba, na namba hupigwa rangi nyeusi juu ya jafafa. Sajenti Method alifuta tope kwenye gunia la kwanza, ikatokea 317. Ni namba ya Libérat, mume wa Donatille, ambaye wakati huo alikuwa nyuma ya Land Rover, mikono imefungwa kamba.

Hapo ndipo tulipoishia. Donatille alifanya nini? Alimkwida karani.

"Wewe Aloyce," alisema, kola imo mkononi. "Majafafa ya mume wangu ulimgawia nani?"

Aloyce ndiye karani wa ghala la chama, mtu mwembamba anayevaa tai hata siku ya kupakua mbolea. Tai hiyo sasa ilikuwa imegeukia mgongoni.

"Mama Aline, niachie shati."

"Nitaachia na shingo ukinijibu."

"Namba ya mkulima naiandika mbele ya mkulima mwenyewe. Anasimama, anaangalia, anabeba. Mumeo alisimama, akaangalia, akabeba."

"Alibeba ya tumbaku."

"Mimi nagawa majafafa, mama. Siendi nyumbani kwa mtu kuangalia anatia nini."

Askari wawili waliwatenganisha. Aloyce alikohoa, akarudisha tai mbele. Nyuma ya watu, mwanamume mmoja ambaye hakutaka kuonekana alisema kwa sauti ya kutosha, "Wakimbizi hawa. Tuliwapa ardhi, wakaipanda bangi."

Niseme wazi, maneno hayo hunichefua hata nikiyaandika. Huyo aliyesema alikuwa na shati lililoshonwa na cherehani ya Mrundi, na mihogo aliyokula asubuhi sijui aliipata kwa nani.

"Nani kasema?" Donatille aligeuka. "Ajitokeze. Miaka ishirini na nne tunalima hapa. Mkiumwa mnakuja kwetu, mkifiwa mnakuja kwetu. Leo ndiyo mmekumbuka tulikotoka?"

Hakujitokeza mtu.

Sajenti Method aliangalia saa yake. Ni mtu wa Ufipa, mzito, mwenye sauti ya chini. "Mama, nisikilize. Saa tisa kamili tunaondoka. Nikimfikisha Mpanda mjini, jalada linafunguliwa na mimi sina tena uwezo nalo. Sheria ya bangi siku hizi ni kali. Mumeo atatoka na mvi. Na wewe na watoto, wakubwa wataamua kama mnabaki hapa au mnaondolewa."

"Tunaondolewa kwenda wapi? Mtoto wangu ana mtihani wa darasa la saba."

"Mimi sijui. Nakwambia ninavyojua."

Ilikuwa saa sita na robo.

Donatille alikwenda kwenye Land Rover. Libérat alikuwa amekaa kwenye tairi ya akiba, kichwa chini, suruali ina tope mpaka magotini.

"Sema kitu," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Sema siyo wewe."

Libérat aliangalia miguu yake. "Mama Aline, nenda nyumbani. Watoto hawajala."

"Watoto wamekula. Sema siyo wewe, niwaambie."

"Nakuomba kitu kimoja. Hili jambo usilichimbe. Liache lilivyo."

Hasira zikampanda upya, safari hii kwa mumewe. Tangu mwaka sabini na mbili anamwona akiinama mbele ya kila mwenye mhuri. Akiambiwa arudi kesho, anarudi kesho. Akiambiwa tumbaku yake ni mbovu, anaibeba. Leo anasingiziwa bangi, na bado anainama.

"Basi nitasema mimi," alimwambia, akampa mgongo.

Akirudi kwenye magunia alikutana na Masele, Baba Kabula, yule Msukuma mwenye ng'ombe ambaye boma lake linapakana na shamba lao. Ni jirani mwema, mpole, asiye na maneno mengi. Siku hiyo alikuwa ameshika kofia yake kifuani.

"Mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma, "subiri kidogo. Kuna neno kuhusu mkokoteni..."

"Baba Kabula, siyo sasa."

"Ni dogo tu, mayu."

"Nimesema siyo sasa."

Masele alirudi nyuma. Kumbe neno lenyewe halikuwa dogo hata kidogo, lakini tusikimbilie mbele.

Donatille alisimama hatua chache mbele ya gunia, mikono kiunoni. Aliukodolea macho ule mmea mnene, mbichi, wenye kunuka, akatamani kuung'oa kwa meno. Ndipo kichwa kikafanya kazi.

Jafafa hutoka ghalani likiwa kipande bapa. Likitakiwa kusimama na kubeba udongo, lazima likunjwe na kushonwa pembeni na chini. Kwa hiyo kuna mtu aliketi akashona magunia kumi na manne. Na pale Kabungu kushona tumbaku ni kazi ya wanawake, na kila mwanamke mshono wake unajulikana. Sokoni, kabla hata ya kusoma namba, utasikia wapakiaji wakisema hili la Eufrazia, hili la Monika.

Donatille ndiye aliyeshona kila mzigo uliotoka nyumba ya 317. Na alichokiona kwenye gunia lile, hata kwa kusimama mbali, hakikuwa kazi yake.

"Afande," aliita. "Nani alishona haya?"

Sajenti aliinua nyusi. "Wewe unaniuliza mimi?"

"Namba yoyote mtu anaweza kuipata. Akiokota jafafa limetupwa, ana namba. Lakini mshono ni wa mkono wa mtu. Mama yako hakushona?"

"Alishona mikeka."

"Ungeletewa mkeka wake leo usingeujua?"

"Ningeujua," alikubali.

"Basi waite wanawake wote wanaoshona tumbaku hapa Kabungu. Kila mmoja ashone shubiri moja mbele yako, na mimi nishone. Utakaofanana na huu wa kwenye gunia, umempata mtu wako na mume wangu unamfungua."

"Na nikimpata huyo mtu?"

"Ukimpata, hiyo kamba uliyomfungia mume wangu nipe mimi. Nitamfunga mwenyewe, mbele ya watu wote hawa."

"Hata awe nani?"

"Hata awe nani."

Kutoka kwenye Land Rover ilisikika sauti. "Donatille, hapana." Ndiyo mara ya kwanza Libérat kupaza sauti siku hiyo, na pengine mwaka huo. Donatille alidhani mumewe anaona aibu kuona mke akipambana na polisi. Hakugeuka.

Wanawake waliitwa. Wengine walikuja na watoto mgongoni, wengine walikuja wananuka moshi wa tumbaku, wote wakinung'unika. Walikuwa kumi na tano. Uliwekwa mkeka, sindano kubwa ya kushonea na uzi wa chama, na vipande vya jafafa.

Donatille alianza. Mshono wake ni wa kwenda mbele mara mbili na kurudi mara moja, umekaza kiasi kwamba kidole hakipenyi. Sajenti alichukua kile kipande, akakiweka juu ya gunia, akachutama.

Aliangalia kwa muda. "Siyo huu," alisema.

Watu walipumua. Aloyce alijifuta jasho kwa ncha ya tai. Donatille alimtazama kwa jicho ambalo mimi nisingependa kutazamwa nalo.

Akaja Eufrazia, mwanamke wa Kifipa mwenye maneno. "Afande, ukisema ni wangu nakupiga na hii sindano." Siyo wake. Akaja Monika, mjamzito wa miezi minane, akashona huku amesimama. Siyo wake. Wakaja wengine sita.

Masele alijipenyeza tena. "Mayu, nakuomba, kabla haijafika mbali..."

"Baba Kabula, unaona ninachofanya? Namwokoa jirani yako. Kaa pembeni."

Ndipo Donatille, kwa raha ya mtu anayeshinda, alipochutama na yeye kulitazama gunia kwa karibu. Mpaka hapo alikuwa ameliangalia kwa mbali tu, kwa sababu lilimtia kinyaa. Alipitisha kidole kwenye pindo.

Mshono ulikuwa umelalia upande mwingine.

Watu wote wanaoshona kwa mkono wa kulia, uzi wao hulalia upande mmoja. Huu ulilalia wa pili. Aliyeshona alishika sindano kwa mkono wa kushoto, na Kabungu nzima mshonaji wa mkono wa kushoto ni mmoja.

Candide. Mdogo wake.

Wasomaji, huyu Candide nimtambulishe vizuri. Walipokimbia Burundi alikuwa na miaka miwili, mama yao alibaki njiani, na aliyembeba mgongoni siku zote zile ni Libérat, kijana aliyekuwa ameoa juzi. Alikulia nyumbani kwao. Donatille ndiye aliyemlea, na alimchapa mwiko mkononi akimlazimisha atumie wa kulia, mpaka siku Libérat alipomnyang'anya ule mwiko. "Mwache," alisema. "Mkono ni wake." Basi ikabidi dada amfundishe kushona hivyo hivyo, kwa kushoto.

Sasa Candide alikuwa na miaka ishirini na sita, mjane, ana nyumba yake ndogo karibu na kisima. Alikuwa kwenye foleni, wa tatu kutoka mwisho. Aliyaona macho ya dada yake, akajua yameshaona.

Zamu yake ikafika. Aliketi, akaichukua sindano kwa mkono wa kulia.

Alishona vibaya. Uzi ulikaa legelege, sindano ikamchoma, askari wakacheka huku wanawake wakitazamana. Sajenti hakukiinua hata kile kipande. "Huyu hajui kabisa. Anayefuata."

Candide aliinuka, akaanza kuondoka, anapangusa damu ya kidole kwenye kitenge.

Wawili wa mwisho walishona haraka. Siyo wao. Sajenti alisimama, magoti yakalia.

"Mama, mshono siyo wako, nakubali. Lakini aliyeshona sijampata. Nilichonacho ni namba, na namba ni ya mumeo." Aliangalia saa. "Nina robo saa."

Donatille alibaki amesimama. Akinyamaza, mumewe anakwenda Mpanda mjini. Akisema, anakwenda mtoto aliyemlea. Angeweza kuomba muda. Angeweza hata kulia, watu wangemwelewa. Lakini kilichomjaa kifuani hakikuwa huruma. Alikuwa anauona mkono ule wa kulia, mkono wa uongo, ukishona kipumbavu wakati Libérat amefungwa kamba hatua ishirini kutoka pale.

"Candide," aliita. "Rudi."

"Nimeshashona, Dada."

"Umeshona kwa mkono wa watu wengine. Kaa chini, shona kwa mkono wako."

Eufrazia alimvuta Monika pembeni kuwapisha.

"Mayu," alisema Masele, "mara ya tatu sasa..."

"Baba Kabula, nyamaza."

Candide alirudi. Aliketi palepale, akaikamata sindano kwa kushoto. Shubiri moja aliimaliza kabla hujahesabu thelathini. Sajenti aliichukua, akailaza juu ya pindo la gunia, na hakuhitaji kuchutama.

"Ni huu," alisema.

Donatille alimfuata mdogo wake mpaka pua karibu ziguse. "Huyu mtu alikubeba mgongoni. Alininyang'anya mwiko kwa ajili yako. Leo unamwangalia amefungwa kwa mshono wako, na wewe unabadilisha mkono? Nani alikupa haya majafafa? Aloyce?"

Candide alikuwa analia. Kisha ghafla hakuwa analia tena, na hapo ukajua hawa wawili wamelelewa nyumba moja.

"Tangu asubuhi unapiga kelele," alisema. "Hujamwacha mtu hata mmoja akamaliza kusema. Muulize Baba Kabula nani alimwazima mkokoteni. Muulize ile samadi alimpa nani. Halafu nenda pale kwenye gari umuulize shemeji nani alikuja kwangu na majafafa kumi na manne, akasema Candide nishonee, dada yako asijue."

Donatille alimgeukia Masele.

Yule mzee alikuwa anaikunjakunja kofia yake. "Ndilo neno nililokuwa nalo, mayu. Aliniambia anapanda nyanya."

Akaigeukia Land Rover.

Safari hii Libérat hakuangalia miguu yake. Alimtazama mkewe usoni, na macho yake yalikuwa mekundu, si kwa woga. Yalikuwa na hasira, hasira ya mtu mpole, ambayo Donatille hakuwahi kuiona katika miaka yote ya ndoa.

"Nilikwambia usichimbe," alisema. "Nilikubali kwenda peke yangu. Peke yangu, Donatille. Mtoto asingetajwa."

Jua lilikuwa kali, na watu wote mia mbili walikuwa wanamtazama mwanamke mmoja. Kama angepewa nafasi ya kumeza kila neno alilosema tangu asubuhi, angelimeza na mate. Lakini neno lililotamkwa mbele ya sajenti haliwezi kumezwa.

Sajenti Method alishika kamba mpya. Hakuwa anafurahia, hilo nampa haki yake.

"Mama," alisema, "ulisema hata awe nani."

Akamnyooshea.

Donatille aliipokea. Candide alinyoosha mikono yake yote miwili, wa kushoto mbele. "Funga, Dada. Uliapa."

Donatille aliizungusha kamba mara moja. Aliizungusha kwenye mkono wake mwenyewe.

"Afande, andika," alisema. "Majafafa haya nimeyashona mimi."

"Mama, usinitanie. Mshono tumeuona sote."

"Mmeona wangu wa kwanza tu, wa mkono wa kulia. Huyu anamtetea dada yake, amejitwika kesi isiyo yake. Unafikiri mtoto wa mkono wa kushoto alifundishwa na nani? Kumfundisha yeye, ilibidi nijifunze mimi kwanza." Alikaa chini kwenye mkeka, kamba inaning'inia kwenye kiganja cha kulia, akaichukua sindano kwa kushoto. "Nipe kipande."

"Dada, acha," alisema Candide.

"Leo nimewanyamazisha watu wote. Na wewe nyamaza."

Alishona shubiri moja. Polepole kuliko mdogo wake, lakini bila kukosea hata tundu. Kisha aliutupa ule mshono miguuni kwa sajenti, kando ya ule wa Candide.

Sajenti Method aliviokota vyote viwili. Alivilaza juu ya gunia, akavigeuza, akavilaza tena. Eufrazia alisogea kuangalia, akashika mdomo.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika mbili. Dereva alikuwa ameshawasha gari, na sajenti alikuwa bado amesimama katikati ya bangi na vipande viwili mkononi, hajui tena kipi alipewa na nani, wala amfunge yupi.